Kwenda Mwanza ni Karibu Kuliko Kurudi

Mtu akija kaunta akakuuliza ndege ya kutoka Arusha hadi Mwanza inachukua muda gani, usikimbilie kumjibu. Muulize kwanza: kwenda au kurudi?

Atakukodolea macho akidhani umechanganyikiwa. Mwache akodoe. Mimi nilikodolewa macho miaka yote niliyokaa kaunta ya kampuni moja ya ndege ndogo pale uwanja wa Kisongo, na bado niko hai, na meno yangu karibu yote ninayo. Sasa nimestaafu, nakaa kwangu Sombetini, nafuga kuku na kuwasumbua majirani. Lakini mjukuu wangu Glory anasoma chuo cha utalii hapa mjini, na juzi alikuja na wenzake kunywa chai. Mmoja wao, kijana mwenye tai ya chuo, akaiuliza simu yake Mwanza ni mbali kiasi gani. Simu ikamjibu kilomita, ikamjibu na dakika. Akaniambia, "Bibi, siku hizi hii kazi yenu haina ugumu. Kila kitu kiko humu."

Nikamwongezea chai, nikajisemea huyu mtoto anahitaji msaada. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika haya, kwa ajili yake na ninyi wote mnaosomea tiketi mkidhani mambo yote yameandikwa kwenye tiketi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lazaro, Mmeru wa Poli, mkuu wa operesheni pale kwetu. Operesheni maana yake yeye ndiye aliyepanga ndege ipi iende wapi, ibebe nani, na iwekwe mafuta kiasi gani. Siku yangu ya kwanza nilikwenda nimenyoosha sketi, nimepaka na mafuta, nikitegemea kuonyeshwa kompyuta. Mzee Lazaro akanipa uzi wa kushonea. Ukutani alikuwa na ramani kubwa ya Tanzania iliyochakaa pembeni, akachomeka pini moja Arusha na nyingine Mwanza. "Vuta," akasema. Nikavuta uzi ukanyooka. Ukapita juu ya Ngorongoro, ukapita juu ya Serengeti, mahali ambapo wanaolala ni nyumbu na simba, mpaka ziwani.

"Haya, sasa upitishe kwenye barabara ya basi."

Nikaanza kuulaza uzi uleule: Makuyuni, Babati, Singida. Nzega sikufika, uzi ukaisha. Ilibidi nikate mwingine. Nikabaki nimeshika ncha ya uzi nashangaa, kwa sababu nilikuwa nimepanda basi hilo mara mbili kwenda kwa shangazi na nikishuka miguu imevimba, na sikuwahi kugundua kwamba basi halielekei Mwanza. Linaelekea kusini kwanza, linazunguka mbuga yote, ndipo linakumbuka lilikokuwa linakwenda.

"Kuna umbali wa mguu na umbali wa mbawa," Mzee Lazaro akasema. "Mteja akikuuliza, ujue anauliza upi." Halafu akanituma chai.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Mama yangu alikuwa akinifinya kwa sababu hiyo kanisani. Baada ya wiki kadhaa kazini nikaona jambo: ndege ya Mwanza ikiondoka inafika vizuri, mapema kuliko tulivyoandika, lakini kurudi inachelewa kila mara. Kwenda ni kama saa moja na robo, kurudi saa moja na nusu na kupita. Nikaamini nimegundua siri ya marubani. Nikamwambia Mzee Lazaro kwa sauti ya chini, "Mzee, hawa watu wanakaa kule wanakula sangara."

Hakucheka. Alinitoa nje hadi karibu na ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia kwenye nguzo kuonyesha upepo. "Upepo wetu huku unatoka wapi, mwanangu?"

"Mashariki."

"Mwanza iko wapi?"

"Magharibi."

"Ulishaendesha baiskeli?"

Basi. Mtu aliyeendesha baiskeli kutoka Usa River kuja mjini anajua siku upepo unapomsukuma mgongoni na siku unapomsukuma kifuani. Barabara ni ileile, miguu ni ileile. Kule juu upepo wa mashariki haupumziki sana, kwa hiyo kwenda Mwanza unabebwa na kurudi unabishana nao. Ukiruka kwenda Dar mambo yanageuka: kwenda ndiko kwa kubishana. Nilikaa siku nzima na jambo hilo kichwani. Kilomita zimelala palepale, hakuna aliyezigusa, na muda unanyooka na kusinyaa juu yake. Mpaka leo jambo hilo linanifurahisha nikilifikiria, na simu ya yule kijana haikumwambia.

Na hapo sijasema kwamba ndege ndogo inaweza kushuka porini kuacha watalii, ikapanda tena. Kwa hiyo swali la pili baada ya "kwenda au kurudi" ni "siku gani?"

Sasa niwaambie kuhusu mizani, kwa sababu hakuna kitu kilichonifundisha watu kama mizani. Ndege ndogo inapima kila kitu: mzigo, mafuta, na wewe mwenyewe. Kisongo kuko juu, na jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla haijanyanyuka. Kwa hiyo abiria anapanda mizani. Hatukuwa na msamaha kwa mtu, hata mheshimiwa alipanda. Mnadhani wanawake ndio wasumbufu? Wanawake walinong'ona tu, "Dada, usitaje." Wasumbufu ni wanaume. Nimeona mwanaume mzima akivua koti, akavua mkanda, akatoa funguo mfukoni, akavuta tumbo ndani kana kwamba mizani ina macho.

Mizani yetu ilikuwa na uso wa duara, mkubwa, wa kuonekana na foleni nzima. Jambo la kwanza nililolifanya nilipokabidhiwa kaunta ni kuugeuza uso huo ukanielekea mimi. Nasoma, naandika, nasema "asante mama, karibu ukae," hakuna anayejua. Mzee Lazaro aliliona, na kesho yake alikuja na fundi akaufunga uso wa mizani kwa bolti ukabaki upande huo. Kumbukeni hilo. Mtu akikupa uzito wake amekuamini.

Kitu kingine ni maziwa. Huku kwetu mtu hasafiri kwenda kwa watu mikono mitupu, na zawadi ya heshima ni kibuyu cha maziwa ya mgando. Kuna kijana mmoja wa Ngaramtoni alikuwa anakwenda Mwanza kuposa, na mjomba wake kavaa shati jeupe la kwaya, kibuyu mapajani. Kilikuwa kimezibwa hasa, kwa kizibo na kitambaa na kamba. Kufika juu, rubani anasikia pu! kama chupa ya soda iliyotikiswa. Mjomba akaenda kuongea na wakwe ananuka zizi, na shati likiwa na ramani ya Afrika. Posa ilikubaliwa, namshukuru Mungu.

Marubani walicheka wiki nzima. Mimi nikauliza kwa nini. Mzee Lazaro akampa rubani chupa tupu ya maji, akamwambia, "Ukiwa juu kabisa, ifungue, halafu ifunge vizuri uturudishie." Chupa ikarudi imebonyea mbavu, haijakanyagwa na mtu. Kule juu hewa ni kidogo, na ndege zetu ndogo hazifungiwi hewa ndani kama yale madege makubwa. Ukifungia hewa ya huku chini ndani ya kibuyu ukapanda nayo, inataka kutoka. Tangu siku hiyo kila aliyekuja na kibuyu nilimpa somo, bila malipo.

Sasa nimewapa uzi, upepo, mizani na kibuyu. Naweza kuwaambia habari za Mama Anaeli.

Ilikuwa Julai. Julai ya Arusha mnaijua: Mlima Meru anajifunika shuka la wingu, na asubuhi ukitoka nje unadhani umepewa ukurasa mtupu. Mzee Lazaro alikuwa ameshastaafu. Mama mmoja mwembamba, amevaa koti la kiume juu ya kitenge, aliletwa kwa pikipiki na mwanawe Anaeli, kijana anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua Usa River. Anaeli alimshusha, akanisalimia, "Dada shikamoo, mama yangu huyu, hajawahi kupanda," akageuza pikipiki kuwahi kazini. Mama akabaki na kibuyu mkono mmoja, na mkono mwingine vichane vya ndizi mshare vimefungwa kwa majani ya mgomba.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Hiyo Mwanza ni mbali kiasi gani?"

"Kwenda au kurudi?"

Hakunikodolea macho. Ndiye mtu pekee ninayemkumbuka ambaye hakushangaa. "Kwenda," akasema. "Kurudi nitakujua hukohuko."

Nilipomwonyesha mizani alirudi nyuma. "Mimi si gunia la kahawa."

"Mama, wote tunapanda. Na uso wake naangalia mimi peke yangu."

Alizunguka kaunta kuhakikisha kwamba kweli uso uko upande wangu. Akapanda amefumba macho, kibuyu kifuani. Alikuwa mwepesi mno. Niliandika, sikusema.

Ndege ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi. Ilikuwepo pale nje, na hatukuiona. Kapteni Musa, rubani wetu, alitoka akatembea hadi kwenye lami, akarudi anafuta miwani. "Aika, mwisho wa uwanja siuoni. Usimwahidi mtu kitu."

Basi tukakaa kwenye benchi. Na kwenye benchi watu husema. Mama Anaeli alinieleza kwamba binti yake Ndeshi aliolewa na Msukuma huko Mwanza, miaka mingi. Yeye mama hakufurahi. Hakugombana na mtu, alikataa tu kwenda. Kila Ndeshi akisema njoo, mama anasema ni mbali.

"Nikasema nina ng'ombe, nani atamkamua," akanihesabia kwa vidole. "Ng'ombe akafa, nikasema kahawa inataka kuvunwa. Kahawa ikavunwa, nikasema miguu." Akaiangalia miguu yake ndani ya raba. "Miguu yangu haina neno, mwanangu. Inapanda Meru kila siku kukata majani."

Sasa Ndeshi alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto kabla ya wakati wake, kamtoto kadogo kamewekwa kwenye chumba cha joto. Maziwa ya mama yalikuwa hayatoki. Mkwe alipiga simu akasema Ndeshi hali kitu, amegeukia ukutani, kila akiletewa chakula anasema anataka mtori wa mama yake. Mtori ni mchuzi mzito wa ndizi na nyama, na huku kwetu mzazi asipopewa mtori tunamhesabu kama hajalelewa. Mama Anaeli hakusema ng'ombe wala miguu. Aliingia shambani akakata ndizi.

"Maziwa yasipotoka..." akasema, akaachia hapo. Nikamshika mkono.

Saa nne ikapita na wingu limekaa. Kulikuwa na bwana mmoja mfanyabiashara, abiria wa ndege hiyohiyo, ambaye uvumilivu ulimwisha. Akaita gari lake lije na dereva. Alikuwa mtu mwema, naomba mjue hivyo. Alipoona mama na ndizi zake akasema, "Mama, kuna nafasi. Twende kwa barabara, usiku tutakuwa Mwanza. Hii ndege inaweza isiondoke leo wala kesho."

Mabasi ya Mwanza yalikuwa yameshaondoka alfajiri. Kwa hiyo ilikuwa gari hili au wingu. Ukienda na gari, unafika usiku, uhakika, chakula hakijapikwa, unapika kesho yake. Ukisubiri ndege, unaweza kufika mchana ukapika jioni ileile, au usifike kabisa na gari limeshakuacha. Mama Anaeli akasimama. Halafu akaniangalia mimi.

"Mwanangu, ungekuwa wewe?"

Hakuna kitabu cha kaunta kinachokuandaa kwa swali hilo. Nikamwambia bwana anisubiri kidogo, nikachukua simu.

Hapa vijana fungueni masikio. Wakati ule vyombo vya hali ya hewa vilikuwepo, na tulivisikiliza, na ninyi msikilize vyenu. Lakini Mzee Lazaro aliniachia kitu kingine: watu. Alikuwa na watu kila upande wa Meru wa kupigiwa simu kuulizwa wanaona nini. Mwalimu Karatu, muuza chai Ngaramtoni, na Monduli alikuwepo Lemburis, mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye mlango wa duka lake unautazama mlima kutoka magharibi. Wewe uliye ndani ya wingu hujui kama ni nene au jembamba. Aliye nje ndiye anayejua.

"Lemburis, sopa," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, Aika. Mmelala huko? Huku jua linatuchoma."

"Meru unamwona?"

"Ngoja nitoke." Nikasikia mlango wa bati. "Namwona kichwa na mabega. Chini kumejaa pamba, nyie mko humo ndani."

"Mabega una uhakika?"

"Aisee dada, namwona mpaka makorongo! Hiyo pamba ni fupi."

Nikampigia na mwalimu wa Karatu, akasema kwake kweupe tangu asubuhi. Kichwa na mabega, maana yake wingu liko chini na ni jembamba, na jua limeanza kulila kutoka juu. Ingekuwa Lemburis hamwoni Meru kabisa, ningembeba mama mwenyewe nikamweka kwenye gari. Nikamweleza Kapteni Musa. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Linaweza kufunguka. Lakini nikisema siendi, siendi."

Nikarudi kwa Mama Anaeli. "Mama, mimi ningekaa. Lakini siwezi kukuahidi."

Akamshukuru yule bwana, akamwombea safari njema, akaketi. Gari likaondoka. Nikiri kwamba nililiangalia mpaka likapotea, kwa sababu kosa langu kama lingekuwa kosa lisingekuwa langu kulibeba. Lingebebwa na kale kamtoto.

Saa tano. Wingu. Nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Simu ya Mama Anaeli ikalia, akaiweka sauti kubwa kwa bahati mbaya, benchi lote tukasikia.

"Mama, uko wapi?"

"Niko njiani."

"Umefika wapi?"

Mama akatazama huku na huku. "Nimefika Kisongo."

Halafu tukasikia Ndeshi anacheka, kicheko kidogo cha mtu mwenye mshono. "Mama! Kisongo si hapohapo?"

"Ndiyo njiani kwenyewe. Mwaka jana ulisikia nimefika Kisongo?"

Mama naye akacheka, akajifuta macho na ncha ya kitenge. Nami nilijifuta, msidhani kaunta inamfanya mtu jiwe.

Muda huo nikautumia kumpa somo la kibuyu. Hakuniamini. "Hiki nimekiziba mwenyewe," akasema, "hakijawahi kumwaga." Nikamsimulia habari ya mjomba wa Ngaramtoni na shati lake la kwaya. Akakiangalia kibuyu kwa jicho jipya. Tukakubaliana: Kapteni Musa akiwa anapanda atainua mkono, mama alegeze kizibo kidogo, hewa itoke, akaze, akiinua tena, alegeze tena. Kwenye ndege zile rubani uko naye palepale, unamwona mgongo. Nikamwona mama anajaribisha vidole vyake, kulegeza, kukaza, uso umekuwa wa mtu aliyepewa kazi.

Ilipokaribia saa sita niliona kivuli changu sakafuni. Hakikuwepo kabla. Nikainua macho, na kule mwisho wa uwanja miti ilikuwa imerudi, kisha nguzo ya upepo, kisha kipande cha anga cha bluu kwa upande wa Monduli. Kapteni Musa alikuwa ameshasimama. Aliangalia kwa muda mrefu, akatembea tena hadi kwenye lami, akarudi. "Panda," akasema. Neno moja.

Nilimsindikiza mama mpaka kwenye ngazi. Hakuniaga, alikuwa anashughulika na kizibo. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikaelekea magharibi na upepo mgongoni. Niliitazama mpaka macho yakaniuma, nikaingia ndani nikakaa chini ya ramani ya Mzee Lazaro. Uzi haukuwepo tena lakini matundu ya pini yalikuwepo.

Ujumbe wa Kapteni Musa ulikuja mapema kuliko tulivyoandika: "Tumefika. Maziwa hayajamwagika." Aliporudi jioni, amechelewa kama kawaida ya kurudi, alinieleza kwamba kila alipoinua mkono mama alijibu "Tayari!" kwa sauti kubwa, na watalii wawili nyuma walianza kupiga makofi. Yule bwana wa gari nasikia alifika salama, usiku mwingi, sina ugomvi naye. Ila jioni ile, wakati yeye yuko bado njiani huko Singida, mtori ulikuwa jikoni.

Baada ya hapo sikusikia kitu. Kaunta ndivyo ilivyo. Unampeleka mtu mpaka katikati ya jambo lake kubwa kuliko yote, halafu hujui lilivyokwisha. Nilitamani kupiga simu nikaogopa. Ukiuliza habari za mtoto mdogo kiasi kile lazima uwe tayari kwa jibu.

Kahawa ya mwaka ule ilivunwa. Siku moja simu ya kaunta ikalia.

"Aika? Mimi mama wa kibuyu."

Nikashika kiti.

"Niwekee nafasi ya kurudi. Mimi, na Ndeshi, na mtoto. Anakuja kuonyeshwa kwao." Nilikuwa bado naandika majina aliponiuliza, "Sasa kurudi ni muda gani?"

Nikamweleza kwamba kurudi ni kurefu, upepo uko kifuani, nikamwomba radhi kwa niaba ya upepo.

"Huo urefu ni wangu," akasema. "Mwambie kijana wako asikimbize. Mtoto atakaa kwangu mapajani."

Siku waliyotua, Anaeli hakuwepo kuwapokea. Nikampigia. Alikuwa KIA, uwanja mkubwa, upande wa Moshi, anashangaa ndege ya Mwanza mbona haionekani. Kosa hili mtalikuta kila wiki, kwa sababu Arusha ina viwanja viwili na watu wa Usa River wanadhani ni kimoja, kile kilicho karibu nao. Dawa yake ni hii, muiandike: aliye mjini asifikirie mabango ya barabarani, amfikirie Meru. Ukienda Kisongo Meru yuko kulia kwako. Ukimwona kushoto, geuza. "Anaeli, Meru yuko mkono gani?" "Kushoto, dada, halafu nyuma." "Geuza." Nikamsikia anaguna.

Kwa hiyo tulikuwa na muda. Ndeshi aliketi kwenye benchi lilelile, amenenepa mashavu, anatazama kila kitu. Ukumbi ulijaa, foleni ya ndege ya Dar ilikuwa imefika mpaka mlangoni. Mama Anaeli alikuja moja kwa moja mbele ya kaunta, na koti lake la kiume, na mtoto amefungwa kifuani kwa kitenge, analala mdomo wazi.

"Nipime," akasema.

"Mama, mmeshashuka. Hatupimi wanaoshuka."

Alimfungua mtoto, akampa Ndeshi, akapanda mizani peke yake, macho wazi. Nikasoma. Kisha akanyoosha mikono, akapewa mtoto, akamkumbatia, akasimama wima. Mshale ukasogea, ukasogea tena, ukatulia. Nikatoa moja kwa nyingine kichwani: huyu hakuwa tena kamtoto ka chumba cha joto.

"Ni kiasi gani?" akauliza.

Nikainama nimnong'oneze sikioni, kama nilivyomfanyia kila mtu miaka yote ile. Akakwepesha kichwa.

"Usininong'oneze," akasema, kwa sauti ya foleni nzima kusikia. "Igeuze hiyo mizani watu waone."

Fundi wa Mzee Lazaro alikuwa ameifunga barabara. Nilikwenda mwenyewe stoo kuchukua spana, nikalegeza bolti moja baada ya nyingine, foleni ya Dar ikisubiri na mama akiwa bado amesimama juu yake. Nikaugeuza uso wake kwa watu.